Malaika Aliyeogopa Maji

Antoinette alikuwa jikoni akimenya viazi, katika fleti yake ya ghorofa ya tatu huko Saint-Gilles, Brussels, baba yake mdogo Lucien alipobisha mlango. Lucien alikufa kabla Antoinette hajazaliwa. Alimfahamu kwa picha iliyotundikwa sebuleni kwao Bukavu: kijana mwembamba, shati jeupe, nywele zimechanwa upande mmoja. Mlangoni alikuwa vilevile, ila koti lake lilichuruzika maji na hakuwa na viatu.

“Karibu, tonton,” Antoinette alisema.

Kwa sura angeweza kuwa mwanawe, lakini tonton ni tonton, kwa hiyo alimpa kiti cha karibu na kipasha joto na taulo kubwa. Taulo lililowa, la pili likalowa, na Lucien aliendelea kutetemeka. Haikuwa baridi, alieleza. Noeli ilikuwa inakaribia, na wataonyesha tena ile filamu.

Antoinette aliijua filamu hiyo, kama kila mtu Brussels. Jioni ya mkesha wa Noeli televisheni huionyesha, na familia nzima hukaa kuitazama. Mwanamume aliyekata tamaa anajitupa katika mfereji mpana wa mashua unaopita mjini. Malaika wake mlinzi, mzee mnene wa Kizungu mwenye mashavu mekundu, anaruka nyuma yake huku anacheka, anamtoa, kisha anapaa. Aliyeitunga, Monsieur Hervé, alishasimulia mara nyingi redioni malaika huyo alikotoka. Ujanani alitumbukia mferejini akiwa amelewa. Mkono wa mtu ukamsukuma hadi juu ukingoni. Alipogeuka hakuona mtu, basi akatazama mbinguni, akashukuru.

Sehemu iliyobaki Lucien aliisimulia mwenyewe, akiwa amejifunika taulo. Alikuwa mwanafunzi, anarudi chumbani kwake. Aliruka majini, akamsukuma yule kijana juu, lakini ukuta wa mfereji ulikuwa na utelezi na yeye akakosa pa kushika. Aliita. Kijana alikuwa anatazama juu. Bukavu zilifika habari kwamba Lucien ameacha masomo na kutokomea na mwanamke, na mama yake alikufa akiwa bado amemkasirikia.

Tangu filamu itoke, kila malaika anaporuka kwenye televisheni, Lucien naye huruka mferejini. Hakuna anayemuuliza kama anataka.

Maji yalipita sakafuni, na Warda wa ghorofa ya pili, mama mmoja wa Bujumbura, akapanda kuuliza bomba gani limepasuka. Alimwona Lucien, akampa pole ya msiba wake, akashuka na kurudi na ndoo mbili na chai ya tangawizi. Lucien aliishika ile chai mpaka ikapoa.

Kesho yake Antoinette na Lucien walipanda tramu hadi Ixelles. Abiria waliinua mifuko yao isilowe. Monsieur Hervé aliishi nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, katika nyumba yenye dari za juu, na alifungua mlango mwenyewe, mzee wa fimbo. Aliutazama mkono wa Lucien kwa muda mrefu kabla ya kuutazama uso wake. Kisha akawakaribisha, na akatandaza magazeti chini ya miguu ya Lucien ili mbao za sakafu zisiharibike.

Walizungumza Kifaransa. Antoinette aliomba filamu isionyeshwe tena. Mzee alijibu kwa upole kwamba haki zote aliziuza zamani, na kwamba watoto wa nchi nzima wanaisubiri. Akamuuliza Lucien kama kuna jambo jingine analoweza kumfanyia.

Lucien alimgeukia Antoinette, akarudi kwenye Kiswahili cha kwao, kama mtu anayeona aibu kusema mbele ya mgeni.

“Mueleze, mi sikukuwa najua kuogelea. Basitoshe filme, bon, lakini baseme tu kama niliogopa. Ule malaika anacheka. Mi sikucheka.”

Antoinette alitafsiri: filamu wasiiondoe, waseme tu kwamba aliogopa. Monsieur Hervé alifikiri kweli, akiwa amefumba macho.

“Malaika anayeogopa,” alisema mwishowe, “nani atamwachia mtoto wake amtazame?”

Aliwasindikiza hadi mlangoni, akampa Lucien skafu nzuri ya sufu, akamshukuru kwa maisha yake. Machozi yalimtoka. Lucien alikubali ile skafu, nayo ikaanza kuchuruzika.

Siku ya mkesha Antoinette alipita mlango kwa mlango kuwaomba majirani wasiwashe televisheni. Warda alichomoa yake ukutani. Wengine walisikiliza, wakamchungulia Lucien pale ngazini, wakasema wanamwonea huruma sana, lakini wajukuu wamekuja kwa ajili hiyo. Giza lilipoingia, muziki wa mwanzo ulisikika kupitia kuta zote mbili za sebule, na kutoka nyumba za upande wa pili wa barabara. Lucien alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

“Unisindikize,” alisema. “Kila mwaka niko peke yangu pale.”

Walitembea kupita stesheni ya Gare du Midi hadi mferejini. Lucien alisimama ukingoni akishika mkono wa Antoinette kwa mikono yake yote miwili, meno yakigongana. Aliuliza maji ni ya kina gani, ingawa alijua. Aliuliza kama haiwezekani mwaka huu umeme ukakatika. Antoinette aliomba Mungu ukatike. Juu yao madirisha yaling'aa rangi ya buluu, yote yakibadilika kwa wakati mmoja.

“Tonton, nakushika,” alisema.

Alimshika mpaka wakati ulipofika. Lucien alivutwa mbele, na Antoinette akavutwa naye. Viatu vyake viliteleza kwenye jiwe, akaona maji meusi yakimjia usoni. Hapo aliogopa, akamwachia.

Kwenye madirisha watu walicheka kwa pamoja.

Lucien aliibuka mara moja, akaita jina la Antoinette. Antoinette alipiga magoti ukingoni. Hakutazama mbinguni. Alimtazama Lucien, akamwitikia. Lucien akaita tena, sauti ikiwa imejaa maji, na Antoinette akamwitikia tena. Mtu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alimtakia Noeli njema. Antoinette aliendelea kuitikia hadi maji yakatulia.