Makofi ya Ijumaa

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye mkurugenzi wa kliniki ya meno ninakofanya kazi kama fundi wa kompyuta. Kila Ijumaa alitukusanya mapokezi, akachomoa diski yenye nakala ya kumbukumbu za wagonjwa, akaiinua juu kama kombe, nasi tukapiga makofi. Kisha akaifungia kabatini. Kuijaribu kama inafunguka? Hilo aliliita uchuro.

Mwaka huu alinunua toleo jipya la programu ya kumbukumbu, akataka liwekwe kwenye kompyuta ya mapokezi, wageni walione. Ile ya akiba, iliyoko stoo, ikabaki na toleo la zamani. Nilimwambia zote mbili ziende pamoja.

"Ya stoo nani ataiona, shemeji?" aliniuliza.

Ijumaa iliyopita kompyuta ya mapokezi ikaungua. Kwenye kiti cha daktari wa meno alikuwa mama yangu, yaani mkwewe, shavu limevimba, machozi yanamlengalenga. Kuna ganzi iliwahi kumzimisha, nusura tumpoteze, na nyumbani hakuna aliyelikumbuka jina lake. Ilikuwa imeandikwa kwenye kumbukumbu zake tu. Daktari akaweka sindano chini, akasema hachomi mtu kwa kubahatisha.

Shemeji akaja stoo na diski yake, kifua mbele. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu: nakala hii imetengenezwa kwa toleo jipya zaidi, haiwezi kufunguliwa hapa.

"Badilisha jina la faili," akaamuru. "Iandike ya zamani."

"Jina halibadilishi kilichomo."

"Unabishana na mimi?"

Nikabadilisha. Maandishi mekundu yakarudi yale yale.

"Basi izime, uiwashe."

Mama akaguna upande wa pili wa ukuta, na hasira zikanipanda. Nikamtoa shemeji nje, nikafunga mlango, nikaweka toleo jipya kama nilivyotaka tangu mwanzo. Kumbukumbu zikarudi zote. Mama akachomwa ganzi nyingine, jino likang'oka.

Alipotoka, pamba mdomoni, alimkuta mkwewe katikati ya mapokezi, diski mpya ya wiki hiyo, iliyotoka kunakiliwa stoo, iko juu, akisimulia alivyoiokoa kliniki. Tukaandaa viganja.

"Ngojeni," mama akasema kwa shida. "Baba, ifungue kwanza tuione. Makofi baadaye."

Shemeji akanigeukia. Nikamfungulia mlango wa stoo, nikampisha kiti cha kompyuta.