Mlio Mbele ya Jeneza

Jumamosi hiyo Linah Chelagat ndiye aliyeongoza msafara wa pikipiki kutoka Kitale kwenda Bungoma. Siku za kazi anauza dawa za mifugo mjini, lakini wikendi ni ya pikipiki yake, ambayo ameishusha kiti na kuifungia taa za ukungu. Kila mwenzake alikuwa amebadilisha kitu kwenye yake. Bethwel, mkulima wa mahindi kutoka Kwanza, alikuwa ametoa sailensa ya kupunguza mlio na kuweka bomba fupi la chuma. Aliyemfungia ni Jaspreet, ambaye familia yake ina duka la vipuri Kitale.

"Hiyo itaamsha Mlima Elgon wote," Jaspreet alijisifu wakijaza mafuta, na wote wakacheka.

Karibu na Kimilili walikuta barabara imejaa watu. Vijana walikuwa wamebeba jeneza mabegani, wakilivusha kutoka kanisani kwenda boma la ng'ambo. Linah akainua mkono. Pikipiki zikasimama, injini zikazimwa.

Bethwel hakuzima. Alichomoka nyuma, akapita kando ya umati, na alipofika sambamba na jeneza akanyonga mafuta. Bomba likalipuka kama bunduki. Wanawake walipiga mayowe wakitawanyika. Kijana mmoja aliyebeba mbele akateleza, akapiga goti, na kona ya jeneza ikagonga lami. Bethwel alikuwa ameshapotea.

"Nyinyi watu wa pikipiki, kwenu hamfi?" mzee mmoja aliwafokea. Jeneza lilipokwisha kuvuka, Linah akawaongoza wenzake kumfuata Bethwel.

Walimkuta Bethwel kwenye hoteli moja Bungoma, anakula nyama, simu mkononi. Kamera ya helmeti ilikuwa imerekodi kila kitu, naye alikuwa ameshaituma video kwenye grupu lao la WhatsApp.

"Umesikia hiyo sauti? Bana, imetoka poa!"

"Na jeneza umeliona?" Linah aliuliza, bado amesimama.

"Si halikuanguka! Kwani ni ndugu yako?"

"Kwa hivyo mpaka awe ndugu yangu ndio nikasirike?"

Wawili watatu wakacheka. Linah aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakainamisha macho.

"Futa hiyo video. Kisha turudi ukawaombe msamaha."

"Ati nirudi nipigwe? Enda wewe."

Linah akachukua helmeti yake akatoka. Ni Jaspreet peke yake aliyemfuata. "Ile bomba niliifunga mimi," alisema, uso umemshuka.

Walipofika kwenye lile boma la Kimilili, maziko yalikuwa yameisha. Mjane, mama aliyeitwa Phelista, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nyinyi mlizima injini, niliwaona," akasema. "Pole zenu sina pa kuziweka. Nataka yule."

Jaspreet akapiga simu hapohapo. "Bethwel, njoo. Usipokuja, hiyo pikipiki usiilete dukani kwetu tena, hata kwa kubadilishwa plagi."

Alikuja jua likianza kuinama. Wanaume wa boma walimzuia kwenye lami, wakamwambia azime na asukume. Alifika mbele ya Phelista akihema.

"Mume wangu aliumwa kichwa mwaka mzima," Phelista alimwambia. "Mlango ukigongwa, alikuwa analia. Tulihamishia kuku kwa jirani. Watoto walijifunza kunong'ona. Tulimtunzia kimya mpaka akaondoka, halafu wewe ukaja kumlipukia akiwa ndani ya jeneza."

Bethwel alitazama chini. "Nisamehe, mama. Ile video nimeifuta."

"Kusamehe bado sijafika. Unaona vile viti? Ni vya kanisa. Vibebe."

Jaspreet alinyanyuka kumsaidia. Phelista akamzuia kwa mkono. Bethwel akabeba viti peke yake, akivuka barabara na kurudi, waombolezaji wakimtazama. Alipomaliza, shati lilikuwa limelowa. Phelista hakumuaga. Aliingia ndani na kufunga mlango polepole.

Barabarani, Bethwel alimsogelea Linah. "Asante kwa kuja mbele yangu. Labda wangenipiga."

"Sikuja kwa ajili yako," Linah alisema. "Na kwenye msafara wangu huendi tena."

Akavaa helmeti, akawasha pikipiki, na yeye na Jaspreet wakashika njia ya Kitale.