Doa la Kijani kwenye Ramani ya Mvua

Wivu wa Agnès haukujificha. Mdogo wake Yolande alipopata kazi katika ofisi ya hali ya hewa Kolwezi, mji wa migodi, mama yao alisema, "Sasa ninaye mtoto." Agnès, ambaye ndiye aliyemwogesha mama huyo muda wote wa ugonjwa, alilimeza neno hilo kama mfupa wa samaki.

Kabla ya msimu wa kupanda, Yolande alileta ramani ya karatasi parokiani, ikabandikwa ukutani kanisani. Kwenye kompyuta alikuwa ametandika rekodi za mvua za miaka mingi, juu yake picha za satelaiti, juu yake tena vilima na mabonde, mpaka ikaonekana mvua itanyesha wapi. Bluu ilikuwa mvua nzuri, njano mvua haba. Mtu mmoja aliuliza mbona hakuna vert, yaani kijani, rangi ya mazao.

"Vert ya hapa Kolwezi iko na mwenyewe," Yolande alijibu, na watu wakacheka.

Agnès hakusikia. Alikuwa anakagua kitenge kipya cha mdogo wake, halafu ramani. Shamba la Yolande, upande wa Nzilo, lilikuwa bluu iliyokolea. La Agnès mwenyewe, kwenye barabara ya Lubudi, njano tupu.

"Unanipaka njano mbele ya batu?"

"Yaya," Yolande alimjibu dada yake mkubwa, "ile rangi haikutoka kwangu. Mvua itakuwa kidogo kule. Panda muhogo, usipande mahindi."

Muhogo! Yolande avune mahindi, yeye mkubwa achimbe mizizi.

Jumapili, zamu yake ya kufagia kanisa ilipofika, alichukua kalamu nene za rangi za katekista akapaka shamba lake kwenye ile ramani. Bluu hakuitaka, maana hakutaka kulingana na Yolande, alitaka kumpita. Alipaka kijani, akakoleza, kisha akaenda kupanda mahindi.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini alipokuta vijana wachimbaji, wale waitwao creuseurs, wamejaa shambani na makoleo na mifuko. Mashimo yalikuwa yamemeza matuta, na miche imelala juu ya udongo mwekundu.

"Nani amewatuma?" aliuliza.

Mmoja wao, Sadrack, alivua kofia kwa heshima. "Satelite, mama. Tuliona karte kwa kanisa. Fasi yote ni bleu na njano, ni weye peke yako uko na vert. Vert ni malachite. Malachite ni jiwe ya shaba."

"Ile ni karte ya mvua!"

"Mvua haina vert, mama."

Shaba hawakuipata. Waliondoka wakinung'unika kwamba satelaiti imewadanganya, na mashimo wakayaacha.

Habari za mashimo na za ile rangi ya kijani zilimfikia Yolande, naye akaja. Alitazama mashimo, akatazama vidole vya dada yake, ambavyo wino wa kijani ulikwisha kuvitoka zamani. Agnès alisubiri amcheke. Angecheka, wangegombana, na moyo ungepoa.

"Yaya, shamba yangu ni kubwa," Yolande alisema. "Tutavuna wote wawili. Mama nimemwambia ni creuseurs tu waliharibu."

Agnès aliitikia kwa kichwa. Mashimo angeweza kuyafukia. Lakini mwaka huu wote angekula bukari, ugali wa mahindi ya Yolande, na kila tonge angesema asante.