Mwamba wa Sikudhani Waondoka Kasulo

Sikudhani alikuwa anampima Mama Louise mabega, pini mdomoni, nyumba yake ilipoondoka mtaa wa Kasulo. Iliondoka taratibu, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mpera wa jirani ulipita dirishani, ukafuata ukuta wa jirani, kisha jirani mwenyewe akisukutua mdomo. Mama Louise aliomba mikono ya gauni iongezwe upana, maana kwaya yao huimba mikono juu. Sikudhani akaongeza vidole viwili, akachomeka pini zake kwenye kitambaa, akatoka nje kutazama.

Haikuwa nyumba peke yake. Mwamba mzima ulikuwa umejichomoa ardhini, na nyumba imekaa juu yake kama kofia, pamoja na jiko, choo na kamba ya nguo. Ubavuni matabaka ya mawe yalionekana wazi, la kijivu juu ya la hudhurungi, na katikati yake ukanda wa kijani wa shaba, mnene kuliko godoro.

Hapo ndipo alipoelewa kwa nini kampuni ya madini iliwataka wahame. Mjumbe wake alikuwa amekuja na kusema kwamba ardhi yote ya mtaa ule imo ndani ya kibali cha kuchimba, yaani permi, kwa hiyo watafute pengine. Mume wake Shafii, dereva wa basi dogo la njia ya Manika, alibishana mpaka sauti ikamkauka. Sikudhani alilia mchana mmoja, kisha akarudi kwenye cherehani. Vitenge vya kwaya vilikuwa vinangoja.

Alasiri Mechack, mjiolojia wa kampuni, alifika kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria. Mwamba ulikuwa umeshafika barabarani. Alikuwa kijana wa adabu. Alishuka, akasalimia, akatembea sambamba na mlango. Alieleza kwamba zamani sana hapa palikuwa na bahari ya kina kifupi. Tope na chumvi vikatuama chini, tabaka juu ya tabaka, mpaka tope likawa jiwe. Baadaye chumvi ikateleza, mawe ya juu yakavunjika vipande vikubwa kama vilima, na kila kipande kikasafiri na shaba yake.

"Na hii ilikuwa imelala?" Sikudhani aliuliza.

"Hapana, mama. Ilikuwa inapumzika."

Sikudhani akampa kikombe cha kahawa, naye akakinywa huku akitembea.

Siku zilizofuata zilikuwa na neema. Kila mtaa nyumba ilipopita, wanawake walitoka na vitenge, wakapimwa mwendoni, wakamfuata fundi wao hadi mshono uishe. Nguo za kwaya zilikabidhiwa mlangoni mwa kanisa, ibada ikikaribia kuanza, na wanakwaya wakausindikiza mwamba kwa wimbo hadi kona ya soko. Jioni Shafii aliuliza wapita njia mke wake amefika wapi, nao wakamwelekeza kama wanavyomwelekeza mgeni kwenye duka la dawa. Akaegesha basi kando, akavua viatu mlangoni, akaomba chakula. Nyuma yao mwamba uliacha barabara nyekundu, laini, isiyo na shimo hata moja, na wenye pikipiki wakaihamia.

Furaha kubwa ilikuwa siku mwamba ulipovuka mawe ya mpaka wa kibali. Shafii alisimamisha basi, abiria wakashuka, wakapiga makofi. Sikudhani alipika pilau sufuria kubwa, akamwalika na Mechack. Mechack alikula vizuri, akashukuru, akanawa mikono. Kisha akawaita vibarua waliokuwa wanangoja kwenye gari. Wakayang'oa mawe ya mpaka, wakayapakia, wakaenda kuyapanda upya mbele ya nyumba.

Sikudhani aliweka mwiko chini.

"Mechack, tulishatoka mu permi yenu."

"Permi iko ya mwamba, mama. Fasi mwamba inaenda, na permi inaenda."

"Ikifika mpaka kule mbali Kasaji?"

"Iko ya kampuni."

"Na mi?"

Mechack alifikiri kwanza, kwa sababu hakutaka kumjibu vibaya mtu aliyemlisha. "Weye uko juu yake tu, mama."

Akaongeza kwa upole kwamba mashine haziwezi kutoboa jiwe linalotembea. Kampuni itangoja lisimame. Likisimama, yeye na Shafii watahama.

Shafii alitaka kubishana tena, lakini abiria walikuwa wanamwita. Akaenda.

Mwamba ukaingia mashamba ya mihogo, magharibi ya mji. Kila siku vibarua waliyang'oa mawe na kuyapanda mbele, na kwa kuwa walipita mlangoni kila mara, wakawa watu wa nyumbani. Mmoja aliomba magoti ya suruali yake yatiwe viraka. Sikudhani akayatia, akayashona mara mbili, maana aliona kazi yao ni ya kupiga magoti.

Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, aliinama akaweka kiganja sakafuni, kama mama anavyogusa paji la mwanawe. Chini kabisa kulikuwa na mtikisiko mdogo wa mwendo, usio na haraka. Alikaa hivyo hadi aliporidhika.

Shafii alikuwa anafuta vioo vya basi.

"Weka mafuta mingi," Sikudhani akamwambia. "Leo utatukuta mbali."