Bado, Baba Dorine

Mwanga wa saa nne uliingia kwa vitobo vya mabati, fimbo ndefu za mwanga, na ndani ya kila fimbo vumbi la makaa likicheza. Ogada, mhunzi wa Soin, alihesabu fimbo mbili. Zilikuwa saba.

Mtoto wa jicho alimwingia polepole, kama ukungu unavyopanda mashamba ya chai: ukameza mpaka, ukameza miti, ukameza kilima kizima. Hakumwambia mtu. Mhunzi husoma chuma kwa rangi. Asiyeona rangi atasoma nini?

Na juu ya fuawe kilingoja chuma kimoja. Kimoja tu. Mwalimu Bethwel, mstaafu wa Kabianga, hukusanya visu. Ukutani kwake vipo arobaini vya nchi za mbali, hakuna hata kimoja cha nyumbani. Alimletea Ogada kisu cha kupogolea chai cha marehemu babake, kilichopogoa chai ya wenyewe miaka thelathini, akaomba kifuliwe upya, kiwe kisu cha kutazamwa. Akasema pia kwamba chuma kingine cha babake hakipo duniani.

Siku tisa Ogada alifua. Mkono haukumtupa, mkono una macho yake. Ikabaki kazi moja, kukipa chuma ugumu: kukipasha moto kiive wekundu wa buni mbivu, kisha kukizamisha katika mafuta. Kikitoka mapema, kitabaki laini kama bati. Kikichelewa, mafuta yatakipasua. Kati ya mapema na kuchelewa pana pumzi mbili.

Jumatatu alijaribu kwanza kipande cha springi ya gari. Kikapasuka. Jumanne kingine. Kikapasuka.

Jumatano alisimama mlangoni pa jikoni, akamwambia mkewe Syprose neno ambalo hakuwa amemwambia mtu. Syprose alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa. Alisema alijua tangu mwezi wa nne, tangu mumewe alipoanza kumimina chai nje ya kikombe, ila alingoja aambiwe. Kisha akafuta mikono, akauliza rangi yenyewe ikoje.

Waliziba mlango wa karakana kwa gunia, mwanga wa nje usidanganye rangi. Ogada akashika koleo. Syprose akainama karibu na moto, jasho likimtiririka.

"Bado," akasema.

Moto ukavuma.

"Bado, Baba Dorine."

Mkono ulitaka kutoka. Miaka ishirini na sita ulijiamulia wenyewe. Sasa ulingoja neno la mtu ambaye hajawahi kuinua nyundo. Ogada akamwona moyoni babake Bethwel, ameinama, mstari wa chai baada ya mstari. Akausikia ule mlio mdogo, *ti*, wa chuma kinachopasuka, akausikia kabla haujalia.

"Bado. Bado. Sasa."

Mafuta yakanguruma, moshi ukapanda. Kisha kimya. Wakatega masikio wote wawili, hawapumui, wakiungoja mlio. Haukuja. Ogada akapitisha tupa kwenye makali. Ikateleza kama juu ya kioo: chuma kimekuwa kigumu.

Syprose aliketi chini pale pale, akalia.

Bethwel alikuja Ijumaa. Alikigeuza kisu, akakipima uzito kiganjani. Kisha akatoa kadi, kwani chini ya kila kisu chake huandika jina la aliyekifua. Alikwisha kuandika *Oga*.

Ogada angeweza kunyamaza. Nani angejua? Mhunzi kipofu hukimbiwa na wateja, naye alilifahamu hilo, na bado akasema. Akasema yote: jicho, vipande viwili vilivyopasuka, gunia, na mtu aliyetamka *sasa*.

Bethwel alimtazama yeye, akamtazama mkewe. Hakusema pole. Akairarua kadi, akatoa nyingine, akaanza kuandika majina mawili, la mama kwanza. Syprose akachungulia begani kwake.

"Hapo si *i*, Mwalimu," akasema. "Ni *y*."