Mkebe wa Chakula Kituoni Sealdah

Nusu saa ya mwanzo Malabika alicheka kama watu wengine. Alikuwa amekaa safu ya tatu, ubavuni mwa mumewe Pranabesh, siku ya onyesho la kwanza la filamu ambayo Pranabesh mwenyewe aliiandika. Ilikuwa filamu ya mapenzi na vichekesho: waume watatu na wake zao katika ghorofa moja kusini mwa Kolkata, kila mmoja akimshuku mwenzake kwa jambo ambalo halikuwapo. Jumba lilijaa hadi ngazini. Mvua ya mwezi wa Bhadra haikuwa imekatika tangu asubuhi, na miavuli ilichuruzika chini ya viti.

Pranabesh hakuwa na desturi ya kumsomea alichoandika. Kwa hiyo Malabika alikuwa akiona kila kitu kwa mara ya kwanza, sawa na wauza duka na wanafunzi waliokata tiketi.

Ndipo mke wa pili kati ya wale watatu wa kwenye filamu akafunga mkebe wa chakula kwa kitambaa cha manjano, akamwambia mama mkwe kwamba anakwenda kwa fundi cherehani, akapanda tramu hadi kituo cha reli cha Sealdah. Kwenye jukwaa la tano alimkuta mwanamume mwenye ndevu. Akampa mkebe. Yule bwana akala wali na samaki amesimama, na mwanamke akamfuta mdomo kwa pindo la sari yake. Mume alikuwa amejificha nyuma ya kibanda cha magazeti, akiwatazama. Akarudi kinyumenyume, akaangukia kapu la biringanya. Jumba zima likaangua kicheko.

Malabika hakucheka. Kitambaa kile kilikuwa chake, uongo wa fundi cherehani ulikuwa wake, na jukwaa lilikuwa lile lile la tano. Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita.

Mwanamume wa kweli aliitwa Dipten, kaka yake wa tumbo moja. Dipten alimwoa Rabeya, binti wa Kiislamu, na baba yao akatangaza kwamba hana mtoto wa kiume. Malabika alipoposwa, watu wa upande wa mume waliambiwa kwamba yeye ni mtoto wa pekee, naye aliapishwa mbele ya mama yake asije akalitaja jina la kaka yake. Mwaka ule Dipten alipokosa kazi, Malabika alimpelekea chakula kila mwezi, kwa siri, akilia ndani ya tramu wakati wa kurudi.

Mume wa kwenye filamu alimnunia mkewe. Alihamia jikoni, akalala chini na sufuria kichwani. Watu walicheka hadi wakakohoa. Malabika akakumbuka jinsi Pranabesh alivyobeba mto wake mwaka ule ule akahamia chumba cha karibu na ngazi ya darini. Alisema anaandika hadi usiku, taa itamsumbua mke. Hakurudi tena. Malabika alimwuliza mara mbili. Mara zote mbili jibu lilikuwa, "Nina kazi." Hakuuliza mara ya tatu, kwa sababu alikuwa keshajijibu mwenyewe: kuna mwigizaji mahali fulani. Aliishi na mwigizaji huyo kichwani miaka yote.

Mtoto hakuja. Angetoka wapi? Mama mkwe alimwita tasa mbele ya majirani, akamfungisha mara nne na kumpeleka hekaluni Tarakeshwar, akamfunga hirizi mkononi. Pranabesh aliziona hirizi zile kila siku, mezani, wakati Malabika akimpakulia wali.

Mwisho wa filamu ulikuwa arusini. Mwenye ndevu alitokea na zawadi, na bibi mmoja akapaza sauti kwamba huyu si kaka yake yule mke, aliyefukuzwa kwao? Mume akapiga magoti, mke akamvuta sikio, watu wakapiga makofi. Mke wa mwongozaji wa filamu akamwinamia Malabika.

"Dada, huyu mumeo nyumbani pia anakuvunja mbavu hivi?"

"Nyumbani hana muda," Malabika akajibu.

Teksi yao ilikwama kwenye maji ya mvua, karibu na mtaa wa Hatibagan.

"Ulijua lini kwamba ni kaka yangu?" Malabika akauliza.

Pranabesh alifuta kioo kwa kiganja, ingawa ukungu haukuwa mwingi. "Siku ya kuchoma maiti ya baba yako. Alikuwa amesimama peke yake nyuma ya kuni. Mjomba wako akaninong'oneza, yule ndiye Dipten, mwanawe. Nikamtambua hapo hapo: ni yule niliyekuona naye Sealdah."

"Baba amekufa miaka tisa sasa."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, bwana."

Dereva akazima redio.

"Nilisema nitakwambia kesho yake," Pranabesh akasema mwishowe. "Kesho ikawa wiki. Kila nikikutazama, naona zile hirizi. Ningeanzia wapi? Nikaona niandike. Nilitaka ujue, Malabika. Kwa mdomo nilishindwa."

"Umewaambia watu mia sita kabla yangu. Na wamecheka."

"Nimeandika mwisho mzuri."

"Umemwandikia mwanamke mwingine."

Teksi ikaanza kusogea. Malabika aliona aibu yake mwenyewe pia, kwa yule mwigizaji ambaye hakuwahi kuzaliwa, lakini hakumwambia. Alimwomba jambo moja tu.

"Mama yako ana miaka themanini na mbili. Ingia chumbani kwake sasa hivi, umwambie mimi si tasa. Mwambie wewe ndiye uliyehama. Basi. Sitaki kingine."

"Sawa," Pranabesh akasema.

Walipofika nyumbani, Malabika alisimama ukumbini, nje ya pazia la mlango wa mama mkwe, maji ya mvua yakimtoka kwenye sari. Alimsikia mumewe akivuta kiti.

"Umerudi, mwanangu? Watu walikuja?" mama mkwe akauliza.

"Walijaa, Mama."

"Walicheka?"

Malabika aliuma mdomo.

"Walicheka sana, Mama. Kuna mahali mtu anaangukia biringanya."

Kikongwe akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Biringanya! Mwite huyo tasa wako aniletee maji ya moto, kifua kimebana."

"Nitakuletea mimi," Pranabesh akasema, akatoka. Alimkuta mkewe pale pale pazia lilipoishia. Akatazama chini, akapita kwenda jikoni.

Malabika aliondoka kesho yake kwa treni ya mchana, na sanduku moja, kwenda Bongaon kwa kaka yake. Pranabesh alimbebea sanduku hadi kituoni. Hakumwomba abaki. Labda alikuwa akingoja Malabika aanze yeye.

Filamu ilidumu wiki saba. Magazeti yalisema Wabengali walikuwa wamekosa kicheko safi kama kile kwa muda mrefu. Dipten, aliyekwisha ota mvi, hakwenda kuitazama, na dada yake hakumsimulia.

Siku moja kabla ya sikukuu ya Durga, Pranabesh alipiga simu. Malabika alikuwa uani na Rabeya wakiparua magamba ya samaki.

"Mama anakuulizia kila siku," Pranabesh akasema. "Nimemwambia uko kwa kaka yako. Ameshangaa. Anasema hakujua kwamba una kaka."

"Ukamwambia nini kingine?"

Malabika alisikia kengele ya tramu ikipita chini ya dirisha la nyumba yao kule Kolkata. Alingoja hadi kengele ikapotea.

"Ameze dawa kabla ya kula, siyo baada," Malabika akasema, akakata simu.

Rabeya alimtazama. "Anakuja kukuchukua, wifi?"

"Hapana," Malabika akasema, akachukua samaki mwingine.