Kilichobaki Chini ya Chupa

"Mama mdogo, chupa inaota miiba," aliniambia mtoto wa dada yangu, nami nikamcheka. Alikuwa na miaka sita. Nilidhani anatafuta pa kukwepea dawa.

Ile dawa yake ya kifafa niliichanganya kwa mikono yangu, kwenye chumba cha dawa cha hospitali nilikofanya kazi. Haipatani na maji kabisa; ukiitia kwenye maji matupu, inatuama kama mchanga. Lazima uitafutie mshenga: spiriti na gliserini, kwa kipimo. Mshenga akiwepo, inayeyuka. Akipungua, hurudi kuwa mchanga.

"Kipimo hicho usikiguse," mkuu wangu alizoea kusema. "Hata kwa mwanao."

Mimi nikakigusa. Mtoto alilia kwamba inamchoma ulimi, roho ikaniuma, nikapunguza spiriti nusu na kujazia maji ya sukari. Ikiwa bado ya moto ilikuwa angavu, nikajisifu. Wema hauozi, si ndivyo wasemavyo? Kwenye chupa sikuandika hata "tikisa", maana dawa iliyoyeyuka haitikiswi.

Kwa wiki tatu kifafa kikamrudia karibu kila siku. Dada alinipigia simu akilia. Nikamwambia, "Vumilia, dada, itashika tu."

Ndipo asubuhi moja kazini nikaiona chupa ya akiba, niliyoijaza siku ileile. Juu, maji safi. Chini, sindano nyeupe, nyembamba, zimesimama wima, na nilipoiinua zikakwaruza kioo. Siku zote zile mtoto alikuwa akinywa maji ya sukari, na dawa yenyewe ilikuwa ikimngoja kwenye vijiko vya mwisho.

Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikakimbia. Dada alinifungulia mlango akitabasamu, kidole mdomoni.

"Polepole, amelala. Leo hajashtuka hata mara moja!"

Dirishani chupa ilikuwa imefudikizwa, inachuruzika maji.

"Machicha ya chini nimeyasuuza nikamnywesha," alisema. "Dawa ya mdogo wangu, nimwage hata tone?"

Tulimkimbiza hospitali. Hakuamka.

Ni miaka kumi na moja sasa. Dada hunishukuru bado kwa usingizi ule, kwamba angalau mwanawe alikwenda ametulia. Sijamwambia. Naogopa, na najichukia kwa kuogopa.

Chupa ameitia maji na ua moja, palepale dirishani. Kila nikienda hunikalisha mbele yake, na wallahi, chini ya yale maji naiona miiba.

"Unatazama nini humo, mdogo wangu?"

Mimi humjibu kwamba maji yanataka kubadilishwa.